Msiba wa Mvushaji

Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, hapa Tanga, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Mteja akija kulalamika kuwa gauni limembana, namwambia gauni liko vilevile, aliyebadilika ni yeye. Anacheka, na wiki inayofuata anarudi na kitambaa kingine. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani mimi ni mtu wa maneno laini. Sijui kumwambia mtu kuwa nampenda. Nikimpenda namtania mpaka anune, na asiponuna namwongezea.

Mchezo wetu ulianzia dukani ninakonunua nyuzi na vifungo. Mwenye duka ni Mhindi wa hapahapa, rika langu, babu wa babu yake kazikwa Tanga. Alipokuwa akisoma Dar alijifunza mchezo wa ajabu. Watu wanakaa pamoja, mmoja anasimulia hadithi, na wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya ile hadithi. Msimulizi anasema, "Umefika mtoni, maji yamejaa, unafanya nini?" Unajibu unalotaka. Jambo likiwa la hatari inarushwa dadu, na dadu ndiyo inayosema umeweza au umeshindwa. Hakuna mshindi. Mnaendelea tu, wiki hadi wiki, hata miaka. Aliponieleza nikamwambia, "Hiyo si hadithi ya bibi hiyo, ila sasa wajukuu wanaruhusiwa kumbishia?" Akacheka sana, akasema basi msimulizi ni wewe.

Tulikuwa wanne, na tulicheza kwa simu ya pamoja kila Jumapili baada ya alasiri. Alikuwepo mwenye duka. Alikuwepo karani mmoja wa bandarini, Mdigo, mtani wangu, ambaye hawezi kusema sentensi tatu bila uongo kuwemo katika mbili. Na alikuwepo shoga yangu, ambaye ndiye sababu ya mimi kuyasema haya yote. Dadu nilirusha mimi, mezani kwangu, pembeni ya cherehani, na wao waliamini kinywa changu. Mama yangu alipoiona ile dadu, yenye pande ishirini, aliishika kwa ncha ya kanga kama anayeshika jongoo. "Dadu ni kamari, mwanangu." Nikamwambia hakuna anayeliwa wala anayekula. Akasema, "Sasa mnacheza ya nini?"

Shoga yangu nilikaa naye mkeka mmoja chuoni, tukisoma Kurani, tukachapwa kwa bakora moja. Alikuwa na moyo mbovu. Homa aliyougua utotoni ilimwachia ule ugonjwa, na kila mwaka ulimpunguzia hatua. Tulipokuwa wasichana alichoka haraka, basi. Alipoolewa kijijini Mkwaja, kusini ya Pangani, bado aliweza kwenda kisimani na kurudi. Tulipoanza mchezo, kutoka kitandani kwake mpaka uani ilikuwa safari ya kupumzika njiani. Madaktari wa Dar walimwambia wakati wa kupasuliwa umeshapita, aendelee na dawa.

Sasa mtu huyo, asiyeweza kubeba ndoo, unajua ndani ya hadithi alikuwa nani? Alikuwa mvushaji. Mwanamke mrefu kama mnazi, kazi yake kuvusha watu mgongoni kwenye mkono wa bahari, kwenda na kutoka mji wa kale uliozama nusu. Ule mji niliutunga kutokana na magofu ya Tongoni, tulikopelekwa na shule tukiwa wadogo. Mtani wangu alikuwa mganga tapeli. Mwenye duka alikuwa askari aliyestaafu, na alilalamikia bei ya kila kitu, hata vya bure. Mvushaji aliwabeba wote wawili. "Haya pandeni," alikuwa akisema, na sauti yake ya simu, iliyokuwa ikikatikakatika kwa kukosa pumzi, ilitunenepea masikioni. Tulikuwa tunamwona kabisa.

Wiki nzima tulikuwa tukibishana kwenye kundi letu la simu juu ya yaliyotokea Jumapili. Je, mganga alikuwa na haki kuuza maji ya bahari kama dawa? Je, askari alipaswa kumdai nauli yule yatima wakati aliyembeba si yeye? Na tulikuwa na neno letu. Mtandao ukimkata mmoja wetu katikati ya mchezo, mwingine hutangaza kwa sauti ya shekhe: "Mwenzetu hatunaye." Kila mtu hapa anajua neno hilo lina kazi gani. Hilo ndilo husemwa mtu akifariki. Sisi tulilifanya la bando kuisha. Mtani ndiye aliyelianzisha, na sisi tukalipokea kwa vicheko.

Jumapili moja, kabla ya mchezo, shoga yangu akanipigia peke yangu.

"Shoga, nataka mvushaji afe."

"Afe? Kakukosea nini?"

"Nataka afe, halafu mumlilie. Mimi ninyamaze nisikilize."

Nikamkatia simu. Wallahi nilikata. Kwetu maneno huumba, mtoto akisema "nikifa" anachapwa mdomo. Akapiga tena.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Sasa sikiliza. Nikifa watasema nilikuwa mwema. Kila maiti wa hapa alikuwa mwema, hata yule mwizi wa kuku tuliyemzika juzi. Na mimi sitasikia chochote. Nataka nisikie ningali na masikio. Nyinyi watatu ndio mnaonijua. Na wewe hasa, shoga. Tangu chuoni hujawahi kuniambia neno moja zuri."

"Nilikushonea gauni la harusi!"

"Ukaniambia nimefanana na mto wa kochi."

Ni kweli, nilimwambia hivyo. Nikamuuliza, na mumeo je, na mavyaa wako je, hao hawakujui? Mumewe, akasema, mtu mzuri lakini si msemaji, ukimuuliza jambo anakwenda kulipasulia kuni. Na mavyaa, yaani mama wa mumewe waliyekaa naye nyumba moja? Akaguna. Hao wawili waligombania chumvi, waligombania moto, waligombania hata jogoo awike upande gani wa ua. "Huyo siku hiyo atapika pilau," akasema.

Tukalipeleka jambo kwa wenzetu. Mtani kwanza alikasirika kama mimi. Mwenye duka akasema sawa, ila Fatiha hapana. Aya si za mchezo, na mvushaji hana roho. Mtani akamjibu, "Ana roho kuliko wewe uliyemdai nauli yatima." Tukabishana kweli siku hiyo, na mwisho tukakubaliana hivi: hakuna aya, hakuna dua, kila mtu atasema maneno yake ya kibinadamu tu. Na shoga yangu azime kipaza sauti chake, kwa sababu maiti hasemi.

Jumapili ikafika. Nikasimulia mafuriko. Nikasimulia mtoto aliyekwama juu ya nguzo ya kaburi la kale, na mvushaji akasema atamfuata. Nikarusha dadu. Ikasimama kwenye ishirini. Ishirini ndiyo kubwa kuliko zote, maana yake anavuka, anavuka vizuri kuliko alivyowahi kuvuka. Nikaitazama ile ishirini juu ya meza, nikawaambia, "Moja." Mtoto alifika ng'ambo. Mvushaji akachukuliwa na maji.

Mtani akaanza. Nilitegemea vituko, lakini yule mwongo siku hiyo hakudanganya neno. Alisema mvushaji alimbeba bila kumuuliza yeye ni nani. Halafu, katikati ya sentensi, akatoka kwenye hadithi bila hata kujua kama ametoka. "Nilipofiwa na mke wangu, watu walikuja siku tatu wakaondoka. Yeye ndiye aliyenipigia kila asubuhi kuniuliza nimekula nini. Nikisema chai, ananiuliza, na nini? Mwaka mzima, jamani." Tukamsikia anapenga kamasi.

Mwenye duka akafuata. Alisema hapa mjini kila mtu mpya humuuliza, kwenu hasa ni wapi, na yeye hujibu Tanga, nao huuliza tena, lakini hasa hasa? "Yeye siku ya kwanza hakuniuliza hivyo. Aliniuliza kama sichoki kuulizwa." "Nachoka," akasema. "Nilikuwa sijamwambia mtu."

Zamu yangu. Nilikuwa nimejipanga. Tulipopelekwa Tongoni na shule, yeye alishindwa kutembea tukirudi, na mimi nilimbeba mgongoni mpaka barabarani huku nikimtukana njia nzima kwamba ana mifupa mizito. Nilitaka nimwambie kwamba hakuwa mzito. Nilitaka nimwambie kwamba siku ile nilifurahi, kwamba ningembeba mpaka mjini. Hayo tu. Nikakohoa, nikaona haya, nikajificha nyuma ya utani kama kawaida yangu, nikaanza kwa sauti ya shekhe: "Jamani, mwenzetu hatunaye..."

Upande wa pili ukapasuka ukelele.

Kumbe shoga yangu alikuwa amelala chali kitandani, macho kafumba, simu kaiweka kifuani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Na kumbe mavyaa ndiyo kwanza anaingia kutoka sokoni na beseni la dagaa, akasikia sauti ya mtu ikitangaza kuwa mwenzetu hatunaye, akatazama kitandani akaona mkwe wake katulia kimya. Basi! Beseni chini. Shoga yangu kwa kushtuka aligusa simu, ila macho hakuyafumbua, kipaza sauti kikafunguka, nasi watatu tukasikia kila kitu.

"Mwanangu weye! Umeniacha na nani, mwanangu? Nani atanigombeza tena? Nani ataniambia mama chumvi imezidi? Ningekufa miye kizee, Yarabi, ungenichukua miye! Sikukwambia, mwanangu, sikukwambia!"

Majirani wakaanza kuingia. Tukasikia milango, tukasikia vilio vya wanawake vikipokezana, tukasikia mwanamume akiuliza nani kaenda kumwita mumewe. Halafu sauti ya shoga yangu, dhaifu, inasema, "Mama, mie mzima." Halafu watu wakatimka mbio.

Tulicheka mpaka mtani akaomba tupumzike. Shoga yangu alicheka na kukohoa, anacheka na kukohoa, nikaogopa. Alipopata pumzi akatuambia polepole, "Mmesikia? Kumbe ajuza ananipenda." Wakati huo mavyaa akainyakua simu na kunishukia mimi. Mna michezo ya kishetani nyie wa mjini! Mmenitia wazimu mbele ya majirani! Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia, akakata.

Jioni shoga yangu akaniandikia: "Na wewe bado."

Nikamjibu Jumapili ijayo. Ilipofika, Mkwaja hakukuwa na mtandao. Ile iliyofuata tukaingia Ramadhani, na Ramadhani hatuchezi, tena kwa fundi cherehani Ramadhani si mwezi, ni gharika. Kanzu, magauni, sare za familia nzima, kila mtu anataka Idi. Aliniandikia neno moja, "Zamu yako." Nikamwambia tulia, nakutungia. Na kweli nilikuwa natunga. Mguu uko kwenye cherehani, kichwa kiko Tongoni. Nilitaka yatoke vizuri, yasitoke kama mto wa kochi. Ningeweza kumpigia dakika mbili nikasema nilivyoweza. Lakini kumwambia mtu mzima aliye hai, mchana kweupe, bila hadithi ya kujifichia, hilo nililiona zito kuliko kanzu zote zile. Aliniandikia tena siku ya Idi, mkono wa Idi na kicheko, halafu: "Shoga, usinisahau." Nikamwandikia, "Wewe nani mtu akusahau, na kelele zote hizo." Ngoja ngoja huumiza matumbo, watu wa kale walisema, na mimi nilikuwa nawaambia wateja wangu methali hiyo kila siku.

Baada ya Idi, asubuhi moja ya katikati ya wiki, napima mikono ya mteja, simu ikalia. Ujumbe kwenye kundi letu, kutoka kwa namba ya shoga yangu: "Mwenzenu hatunaye."

Nikacheka. Mteja akaniuliza unacheka nini, nikamwambia nina shoga yangu mwendawazimu. Nikaandika, "Haya fufuka, safari hii hatuji bila pilau." Mtani akaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, safu nzima. Mwenye duka akaandika, "Bando limeisha tena?" Nikaweka simu chini, nikaendelea kupima.

Ikalia tena, sasa inaita. Sauti ya mwanamume.

"Shemeji," akasema. "Ni mimi niliyeandika. Si mchezo, shemeji."

Mumewe. Yule asiye msemaji. Alikuwa ameishika simu ya mkewe, hajui amwambie nani kwanza, akakumbuka kwamba Jumapili huwa ana watu wake humo, akatuandikia kwa adabu kama anavyoandika kila mtu. Na sisi tukamjibu pilau. Alivisoma vile vicheko vyote akiwa amekaa pembeni ya maiti ya mkewe. Nilimwomba radhi sijui mara ngapi. Alisema, "Hapana, shemeji, mlikuwa hamjui," na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba hakukasirika. Nilikaa sakafuni katikati ya vitambaa nikalia kwa sauti, mteja kanisimamia na tepe imemning'inia shingoni.

Mwenye duka alifunga duka, akaja na gari, tukampitia mtani getini bandarini. Tukashika njia ya Pangani. Kwenye pantoni mtani alianza, "Mvushaji...", akashindwa, akageuza uso. Tulipofika Mkwaja walikuwa wameshazika. Wenzangu wakakaa nje kwa wanaume. Mimi nikajifunika kanga, nikaingia ndani kwa wanawake, na ninasema kweli, niliingia nikiwa na hofu. Nilikuwa namwogopa mavyaa. Nilijua atanifukuza, na niliona ana haki.

Alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani, tasbihi mkononi, mdogo kuliko sauti yake. Nikamwamkia. Nikajitambulisha kwa kunong'ona kuwa ni mimi yule wa simu, wa Tanga. Safari hii aliitikia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa." Akasogea kidogo kunipa nafasi. Akazungusha tasbihi. "Ule mchezo wenu," akasema, "niliuchukia. Siku nne sikumsemesha. Siku ya tano akaniita, akaniambia, mama, siku ile uliponililia ulisema nini? Nikamwambia toka hapa. Akasema, rudia, mama, nilikuwa sijasikia vizuri. Muongo, alisikia. Basi nikarudia. Nikaona anatabasamu. Tangu hapo kila jioni nikimpeleka dawa, rudia, mama. Narudia. Nani atanigombeza, nani ataniambia chumvi. Mpaka nikawa naongeza na mengine. Niliyokuwa sijamwambia yote nikamwambia. Na jana jioni pia nilimwambia."

Nilikuwa nimemshika mkono bila kujua nimeushika saa ngapi.

"Ila kitu kimoja sikukielewa," akaendelea. "Kila nikimaliza huniambia, ahsante, mama. Halafu husema, bado mmoja. Kila siku. Bado mmoja. Jana nayo kasema. Nikadhani ni homa, akili inamtoka, maana tulikuwa mimi na yeye tu chumbani." Akanigeukia. "Weye ulikuwa shoga yake. Huyo mmoja ni nani?"

"Ni mimi, mama," nikamwambia.